Ndoa na Talaka Katika Ufalme wa Kandy

Leo tutazungumza habari za kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa Ceylon mpaka mwaka 1972. Tazameni ramani zenu: kiko kusini ya Bara Hindi. Katikati yake ni milima, na huko palikuwa na ufalme wa Kandy, uliotwaliwa na Waingereza mwaka 1815. Watu wake wengi walifuata dini ya Buda.

Labda mtauliza, je, ndoa ilifungishwa na watawa? La. Mtawa wa Buda haoi, wala hafungishi ndoa. Shauri lilikuwa la wazazi na jamaa, na mnajimu aliwatafutia saa njema.

Ndoa zilikuwa za namna mbili. Katika diga, mke alihamia kwa mumewe, naye akapoteza fungu lake katika shamba la baba yake. Katika binna, mume ndiye aliyehamia kwa mkewe, na mke akabaki na urithi wake. Shikeni sana jambo hili la shamba. Mume wa binna hakuwa na nguvu nyumbani humo. Wenyeji walisema yampasa kuweka mlangoni fimbo, mwenge, na jani pana la kujikinga mvua, ili akifukuzwa usiku awe tayari kwenda zake!

Kuachana hakukuwa kugumu. Robert Knox, baharia Mwingereza aliyezuiliwa huko tangu 1660 hata 1679, aliandika kwamba mali aliyokuja nayo mke ilirudishwa, watoto wa kiume wakamfuata baba, wa kike wakamfuata mama. Alikuwa mgeni, lakini alikaa vijijini miaka mingi.

Tena ndugu wa kiume waliweza kuwa na mke mmoja, shamba lao lisigawanyike. Baadhi ya wakubwa wa Kandy wenyewe waliona haya, wakataka desturi hiyo ikomeshwe. Ndipo serikali ikatoa sheria ya mwaka 1859: mume mmoja, mke mmoja, ndoa iandikishwe, na talaka itolewe mahakamani tu.

Basi nini kilitokea? Wengi hawakuandikisha. Walioana na kuachana kama babu zao. Lakini mbele ya sheria hawakuwa mume na mke, na watoto wao wakahesabiwa kuwa wamezaliwa nje ya ndoa. Urithi wao ukaingia mashakani, nao hawakukosa lolote. Mwaka 1870 serikali ikalegeza: mume na mke wakikubaliana kuachana, waliruhusiwa. Sheria mpya ya mwaka 1952 ikayahifadhi majina yale mawili, diga na binna, katika daftari la ndoa. Daftari lisipotaja, ndoa huchukuliwa kuwa ya diga.

Sasa fungueni madaftari. Mtu wa Kandy ana mashamba mengi na binti mmoja tu. Andikeni: angependa aolewe kwa namna gani, na kwa nini?