Nyota za Tanga: Ala Ziligeuka, Shairi Likabaki

Usiku wa arusi Nguvumali, hapa Tanga, kinanda kimoja cha umeme chatosha leo kuujaza uwanja mzima. Kijana mmoja hutoa humo sauti za fidla, za nai na za dumbaki, na akina mama huinuka kutunza kama walivyotunza mama zao. Wazee hutikisa vichwa wakisema kuwa hiyo si taarabu. Nami niliwahi kutikisa changu. Lakini historia ya mji huu yanifunza nisiwe mwepesi wa kuhukumu, kwani muziki wanaoulilia wazee hao nao ulikuwa mgeni ulipoingia.

Taarabu ilianza Unguja kwa heshima ya kifalme. Mapokeo yasema kuwa Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, na nyimbo zikaimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad ndiye aliyeieneza taarabu kwa Kiswahili; mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na wasifu wake ukaandikwa na mwana wa Tanga, Shaaban Robert.

Tanga haikuwa na kasri. Ulikuwa mji wa bandari, reli na mkonge, wenye watu wa kila kabila, na muziki wa dansi ulishamiri kwa bendi kama Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Katika hali hiyo Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, waliiacha safu ndefu ya fidla, wakashika gitaa la umeme na gitaa la besi. Mapigo yakawa ya kuchezeka. Bi Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki 2016, akaupa mtindo huo sauti yake, nao ukavuka mpaka Mombasa.

Je, ni kipi kisichogeuka? Ni shairi. Aghalabu beti zilibaki za mishororo mitatu, kila mshororo vipande viwili vya mizani nane nane, vina vya kati na vya mwisho, na kiitikio. Tena lilibaki fumbo. Mama anayeinuka kutunza huinukia mshororo uliomgusa yeye. Jirani yake huinukia mshororo huohuo kwa sababu nyingine kabisa. Ala huwaita watu uwanjani, lakini fedha hutolewa kwa ajili ya neno.

Jambo hili si letu peke yetu. Huko Uajemi, ambako wengi wa pwani hii hunasibisha asili yao, Mohammad-Reza Shajarian, aliyefariki 2020, alibuni ala mpya za nyuzi, lakini hakuacha kuimba beti za Hafidh wa Shiraz, mshairi wa karne ya 14.

Basi hofu yangu si kinanda. Katika miaka ya 1990 ushindani wa TOT na Muungano uliipa nguvu mipasho, na matusi ya waziwazi yakaanza kuchukua nafasi ya fumbo. Fumbo likipasuliwa, wimbo humpata mtu mmoja tu, na ugomvi wake ukiisha, wimbo nao hauna kazi tena.

Wa kulaumiwa ni nani? Sisi washairi tumo. Kwa miaka mingi nimewapa wahariri wa majarida beti zangu, na waimbaji sikuwapa hata moja, nikidhani kuwa arusi ni mahali pa chini mno kwa vina vyangu. Waimbaji walipokosa watunzi, walijitungia wenyewe walivyoweza.

Hivi karibuni yule kijana wa kinanda alinijia barazani, akaniamkia, akaniomba wimbo wa arusi ya mwezi ujao. Alisema, "Mzee, uwe na fumbo, mama zetu wanalitaka." Beti tatu zimekwisha. Kiitikio bado nakitafuta.