Eneokazi Lisilo na Meza

Neno la Kiingereza tulilolitafsiri kuwa "eneokazi" lina meza ndani yake. Watu wa Xerox pale Palo Alto, California, walitaka kompyuta ambayo mtu wa ofisini angeielewa haraka, wakamchorea kwenye skrini kile alichokizoea: meza yenye karatasi, folda na trei ya barua. Watafsiri wetu walipolifikia neno hilo waliitupa meza, wakabaki na eneo na kazi. Nadhani walituachia kitu bora kuliko walichopokea.

Juu ya meza karatasi hulaliana. Ndivyo yalivyo madirisha ya kompyuta nyingi leo: moja juu ya jingine, na mtumiaji kazi yake ni kufukunyua. Kuna namna nyingine, ya kuyapanga ubavu kwa ubavu kama marumaru za sakafu, kila dirisha na sehemu yake, skrini yote ikatumika. Watu wengi wakiiona namna hii hudhani ni ya kizamani, hatua ambayo dunia ilishaivuka.

Mambo hayakwenda hivyo. Madirisha ya kulaliana yalikuwapo kwenye maabara ya Xerox tangu miaka ya 1970. Ilipotoka Xerox Star mwaka 1981, wabunifu wake waliyapanga ubavu kwa ubavu kwa makusudi, kwa sababu walishaona watumiaji wa mifumo ya kulaliana wakipoteza muda mwingi kuyasogeza madirisha, mara nyingi ili yasilaliane! Windows 1.0, ya Novemba 1985, nayo iliyapanga hivyo hivyo. Lakini Macintosh ya Apple ilikuwa sokoni tangu 1984 na madirisha yake yanayolaliana. Desemba 1987 Windows 2.0 ikafuata mkondo. Machi 1988 Apple ikaenda mahakamani, na kulaliana kwa madirisha kukawa miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa. Kitu kikishagombaniwa na matajiri wawili, nani atauliza tena kama kina faida?

Swali lilibaki hai pembeni. Mfumo wa X, ulioanzishwa chuo cha MIT mwaka 1984, ulijiwekea mpaka: wenyewe huchora madirisha, lakini kuyapanga ni kazi ya programu nyingine, ambayo yeyote anaweza kuiandika. Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991, ilikuja kuutumia mfumo huo, na mlango ukabaki wazi. Mwaka 2006 ikatoka dwm, ambayo waandishi wake walijiwekea kikomo cha mistari 2,000 ya msimbo; ukitaka kubadili mpangilio, unafungua msimbo wenyewe na kuuandika upya.

Sisi hatukuwamo kwenye ubishi huo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Marufuku ilipolegea, mashine zilikuja na mpangilio ulioamuliwa na wengine. Tulichoanza kukiamua wenyewe ni maneno. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili. (Kibaha hatuwashangai watu wa Ulaya Kaskazini. Shirika la Elimu lililopo hapa lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki wa mwaka 1963, Uswidi na Ufini zikiwamo. Anayetaka kuniona nimerogwa na Wafini ana ushahidi wa kutosha.)

Mimi nimepanga chumba Maili Moja, na tasnifu yangu ya uzamili naiandika kwenye laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 2, ambayo kibao chake cha kugusia kilikufa zamani. Bila kipanya, kufukunyua madirisha yaliyolaliana ni adhabu. Hivyo niliandika programu yangu ya kupanga madirisha, kwa lugha ya C, juu ya X. Ina mistari kama 900. Nimeiita Ukili, kwa ajili ya bibi yangu wa Kisarawe, ambaye husuka mikeka: anasuka utepe mrefu wa ukindu, huo ndio ukili, kisha anaushona ukingo kwa ukingo hadi upana utoshe. Hakuna ukili unaolala juu ya mwenzake.

Nimeishi nayo mwaka wa pili sasa. Kushoto tasnifu, kulia juu makala ninayoisoma, kulia chini kamusi. Kila kitu naamrisha kwa kitufe kimoja pamoja na herufi, na kitufe chenyewe, kwa kejeli ya historia, kina nembo ya Windows. Umeme ukikatika na betri ikawa imebakiza dakika arobaini, sipotezi hata moja kutafuta ukurasa uliojificha nyuma ya mwingine.

Gharama yake naiona nikienda Kisarawe. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na kompyuta anayoijua ni ile ya shuleni, yenye alama za kubofya. Aliiwasha yangu, akakuta skrini nyeusi.

"Kaka, hii imefungwa?"

Haikuwa imefungwa. Ilikuwa ikisubiri herufi ninazozijua mimi tu. Meza ya Xerox, pamoja na fujo zake, angalau ilichorwa ili mgeni akae. Mwenye mashine ya peke yake ana uhuru mkubwa na hana wa kumwazima, na pale nyumbani kompyuta ni hiyo moja.

Nikamwandikia orodha ya vitufe kwa Kiswahili, itokee juu ya skrini mashine ikiwaka. Siku ya tatu akaja na dai: kikokotoo kinakata nusu ya kitabu chake cha fizikia, anataka kikae juu ya ukurasa, padogo, pembeni. Nilimweleza kuhusu Star na mwaka 1981. Akanisikiliza kwa heshima zote, kisha akauliza kama itawezekana kabla ya Jumatatu, ana jaribio.

Ilichukua mistari 40. Kikokotoo sasa kinalala juu ya dirisha jingine, na herufi yake ameichagua mwenyewe.