Vijiumbe vya Utumbo wa Samaki wa Maji Baridi

Jamii ya vijiumbe vya utumbo ni mkusanyiko wa bakteria na viumbe wengine wasioonekana kwa macho wanaoishi katika njia ya chakula ya samaki, ambamo husaidia umeng'enyaji, hutengeneza baadhi ya vitamini na huzuia vimelea vya magonjwa visipate nafasi. Samaki hupata wengi wao kutoka nje: bakteria hutanda juu ya ganda la yai, na lava, yaani samaki mchanga aliyetoka kuanguliwa, huwameza mara kinywa kinapofunguka, kwanza pamoja na maji, kisha pamoja na chakula.

Wanaoingia, hata hivyo, si wote wanaobaki. Mwaka 1973 D. J. W. Moriarty, aliyechunguza tilapia (Oreochromis niloticus) wa Ziwa George nchini Uganda, alieleza kwamba tumbo la samaki huyu hutoa asidi kali, ambayo pH yake hushuka chini ya 2 na kupasua seli za mwani wa buluu-kijani. Asidi hiyo huwa haba samaki anapoanza kula asubuhi, huongezeka kadiri anavyoendelea kula, na kwa hiyo kizuizi wanachokutana nacho bakteria hakina ukali uleule siku nzima. Wanaovuka tumbo hukuta utumbo wenye nyongo na oksijeni kidogo, mazingira yanayomfaa Cetobacterium somerae, bakteria mtengenezaji wa vitamini B12 anayepatikana kwa wingi katika tilapia.

Ushahidi wa nguvu ya chakula katika kuchagua bakteria wa utumbo unatoka Ziwa Tanganyika, ambalo Burundi inalichangia na Tanzania, Kongo na Zambia. Humo samaki wa familia ya sikilidi wamegawana vyakula kwa namna ya kustaajabisha: Tropheus hukwangua mwani miambani, ilhali Perissodus hunyofoa magamba ya samaki wenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliolinganisha jumla ya spishi 29 za sikilidi kutoka ziwa hilo na kutoka Ziwa Barombi Mbo nchini Kamerun, ulikuta kwamba walaji mimea wa maziwa yote mawili, ingawa kila ziwa lilikuwa na alama yake, wana bakteria wa aina nyingi zaidi kuliko walaji nyama, wakiwemo wanaohusishwa na uvunjaji wa nyuzinyuzi na uondoaji wa sumu za mimea.

Kwa mfugaji wa tilapia wa Ryansoro au Muyinga nchini Burundi, jambo hili lina uzito wa moja kwa moja, kwa kuwa maji ya bwawa, mbolea inayotiwa humo na chakula cha kwanza cha vifaranga ndivyo vinavyochangia kuamua ni bakteria gani watakaoufikia utumbo.