Yakusu: Historia Fupi ya Shule Yetu ya Mtoni

Karne ya 19 ilikuwa haijaisha wamisionari Wabaptisti kutoka Uingereza walipojenga Yakusu, kwa ndugu zetu Walokele, ukishuka mto kidogo tu kutoka Kisangani. Wa kwanza wa kushukuriwa ni Walter Stapleton. Alikaa na wavuvi, akasikiliza lugha zao, na mwaka 1903 kikatoka kitabu chake cha kulinganisha lugha za Kongo. Alifariki 1906. Kazi ikabaki kwa William Millman na Mama Edith, mjane wa Stapleton, ambaye baadaye aliolewa na Millman. Hao wawili ndio wazazi wa shule yetu.

Mpango wao ulikuwa rahisi, nao ulifanya kazi. Kijana aliyejua kusoma na kuandika hakuwekwa misioni. Alitumwa kijijini afundishe wenzake, kwa Kilokele, lugha ya mama zao. Hivyo shule ilipanda mtumbwi, ikafika mahali ambapo Mzungu alipita mara chache. Walimu hao wa vijijini hawakuandikwa sana vitabuni, lakini mimi nawahesabu kuwa waasisi kamili.

Mwaka 1920 akaja Daktari Clement Chesterman, wakati malale ilipokuwa ikimaliza vijiji. Alijenga hospitali, akawafundisha vijana wetu kupima damu na kudunga sindano, akawatawanya kwenye zahanati za msituni. Daktari Stanley Browne, aliyefika 1936, aliendeleza kazi hiyo na kuwahudumia wagonjwa wa ukoma.

Kisa tukipendacho ni cha Mwalimu John Carrington, aliyefika mwaka 1938. Siku moja alikwenda Yaongama bila kutoa habari, akamkuta mwalimu, mwuguzi na waumini wamekwisha kusanyika wakimngoja. Ngoma ilikuwa imemtangulia! Tangu hapo akawa mwanafunzi wa wapiga ngoma, na mwaka 1949 akatoa kitabu juu ya ngoma zinazosema. Baadaye alifundisha chuo kikuu hapa Kisangani.

Yaliyofuata nayataja kwa haraka. Mwaka 1948 shule za Kiprotestanti zilianza kupata ruzuku ya serikali, ambayo za Kikatoliki zilikuwa nayo zamani. Uhuru ulikuja 1960. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Simba, ulikuwa wa machozi, na Mungu alituvusha. Mwaka 1974 serikali ilichukua shule za makanisa, 1977 ikazirudisha. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana Kisangani, mabomu yakaanguka siku sita. Mwaka 2019 serikali ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, mzigo wa prime, yaani ada ya kuwalipa walimu, ukatoka mabegani mwa wazazi wa shule za msingi.

Ombi langu kwenu, wanafunzi wa zamani: ulizeni wazee majina ya walimu wa kwanza wa vijiji vyenu, myaandike, mkayaweke shuleni wangali hai wanaoyakumbuka.