Miradi na Utambuzi wa Kazi katika Shule Mpya ya Mkataba

Shule ya mkataba, kwa utaratibu wa Marekani, ni shule ya umma isiyotoza ada, inayoendeshwa na kikundi cha waanzilishi au shirika chini ya mkataba na mamlaka iliyoidhinishwa na jimbo. Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza, City Academy, ilifunguliwa St. Paul mwaka 1992. Shule hupewa uhuru mkubwa zaidi katika mtaala, ajira na ratiba, nayo hukubali kupimwa kwa matokeo na kunyang'anywa mkataba yakiwa mabaya. Kwa shule inayotaka wanafunzi wake wazitambue kazi za watu wazima kwa njia ya miradi, uhuru wenye thamani kuliko wote ni ule wa ratiba. Mradi haumfunzi mwanafunzi kazi kwa sababu tu umetumia nyundo, kompyuta au koti jeupe la maabara. Humfunza pale mtu anayeishi kwa kazi hiyo anapoitazama kazi ya mwanafunzi na kusema inafaa au haifai. Kumpata mtu huyo, na kumfikia mara kwa mara, ni suala la saa na siku.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko shule za mkataba. Mwanafalsafa John Dewey alifungua shule yake ya majaribio Chicago mwaka 1896, ambako watoto walipika, walifuma na kuunda vitu vya mbao ili waielewe jamii inayoishi kwa shughuli hizo. William Heard Kilpatrick aliieneza njia ya mradi kwa makala yake ya mwaka 1918. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na mabishano ambayo hayajaisha hadi leo. Mwaka 1915 mwanaelimu David Snedden alitetea shule za ufundi zinazomwandaa kijana kwa kazi maalumu inayomngoja. Dewey alimjibu kwamba kumgawia mtoto kazi mapema ni kumfunga katika tabaka alilozaliwa, na kwamba kazi inafaa iwe somo la kuuelewa ulimwengu. Sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917 ilifuata zaidi upande wa Snedden, ikitenga elimu ya ufundi na ile ya jumla kwa fedha na kwa usimamizi. Shule ya mkataba inayojitangaza kwa jina la Dewey huku ikiwagawa watoto kwa makundi ya fani tangu darasa la tisa inafuata kwa vitendo njia ya Snedden, ijue isijue.

Ushahidi mzuri wa kile mradi unachoweza kufanya unatoka Minnesota hiyohiyo. Minnesota New Country School ilianza mwaka 1994, na tangu mwanzo iliachana na vipindi vya kengele: walimu ni washauri, na mwanafunzi hupata sehemu kubwa ya alama za kuhitimu kwa miradi anayoipanga mwenyewe. Agosti 1995 kikundi cha wanafunzi wake, katika matembezi ya masomo ya mazingira karibu na mji wa Henderson, kiliwakamata vyura wenye madoa kwenye bwawa na kugundua kwamba wengi walikuwa na kasoro, hasa za miguu ya nyuma. Taarifa ikafikishwa kwa wakala wa jimbo wa kudhibiti uchafuzi. Taarifa nyingine za vyura wenye kasoro zikafuata kutoka sehemu mbalimbali za jimbo na nje yake, na wanasayansi wakabishana kwa miaka: wapo walioshuku viuatilifu, wapo walioshuku miale ya jua, na wapo walioonyesha vimelea wa jamii ya minyoo bapa wanaovuruga ukuaji wa miguu ya kiluwiluwi. Hakuna aliyeipanga safari ile kama somo la kuchagua kazi. Hata hivyo ilifungua dirisha ambalo siku ya wageni wa fani mbalimbali shuleni hailifungui: mwanafunzi aliweza kuona jinsi mwanabiolojia anavyohesabu, mkemia anavyopima maji, ofisa wa serikali anavyosita kutoa kauli na mwandishi wa habari anavyoharakisha kuitoa.

Bahati ya vyura haiwezi kuandikwa kwenye ratiba, lakini mlango wa kuipokea unaweza. High Tech High, iliyofunguliwa San Diego mwaka 2000 chini ya Larry Rosenstock, mwanasheria aliyewahi kufundisha useremala, ilichagua mambo matatu: wanafunzi huingia kwa bahati nasibu inayozingatia maeneo wanakoishi, hawatengwi kwa uwezo, na kazi zao huonyeshwa hadharani mbele ya wazazi na wageni. Katika miaka ya juu huenda kufanya mazoezi ya kazi nje ya shule. The Met ya Providence, Rhode Island, iliyoanza mwaka 1996, si shule ya mkataba bali shule ya umma ya jimbo, ila mfano wake umeigwa sana: siku mbili kwa wiki mwanafunzi huwa kazini na mlezi mmoja, na mradi wake huzaliwa huko. Huo ndio mpangilio wenye nguvu zaidi. Maonyesho ya hadharani ni mazuri, lakini mzazi husifu. Fundi hukosoa.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana katika mradi mdogo kabisa. Tuseme darasa la tisa limepewa kazi ya kubuni njia ya kiti cha magurudumu kwenye mlango wa maktaba, ambao kizingiti chake kiko sentimita 60 juu ya ardhi. Kanuni za Marekani za majengo yanayofikika zinataka njia iwe na urefu usiopungua mara 12 ya kimo chake, yaani mita 7.2, na juu yake pawe na jukwaa tambarare la takriban mita 1.5. Mpaka hapo ni hesabu, na mwalimu wa hisabati anatosha. Akija mkaguzi wa majengo, maswali hubadilika. Mlango unafungukia upande gani? Maji ya theluji inayoyeyuka yatakwenda wapi? Mita 7.2 zikiingia kwenye njia ya waenda kwa miguu, nani anatoa kibali? Mwanafunzi aliyedhani anapenda uchoraji wa ramani anaweza kugundua kwamba anachokipenda ni kusoma kanuni na kubishana na ofisi, na mwingine akagundua kwamba hataki kuiona kazi hiyo tena. Ugunduzi huo wa pili si hasara. Kuufanya akiwa na miaka 15 ni nafuu kuliko kuufanya baada ya miaka minne ya chuo.

Wapinzani wana hoja mbili za kuzingatiwa. Ya kwanza ni mitihani. Sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka wanafunzi wapimwe kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na angalau mara moja katika sekondari. Shule mpya inayosubiri kuhuishwa kwa mkataba wake hushawishika kuzila siku za kazini kwa mazoezi ya mitihani. Hapa utafiti wa shirika la MDRC kuhusu akademia za fani, yaani programu za sekondari zinazounganisha masomo na fani ya kazi, unafundisha. Utafiti huo uliowagawa vijana kwa bahati nasibu haukukuta ongezeko la alama za mitihani wala la kuhitimu. Lakini miaka minane baada ya sekondari waliopata nafasi walikuwa wakipata wastani wa asilimia 11 zaidi kwa mwaka kuliko wenzao. Akademia hizo si miradi mitupu, kwa hiyo matokeo yake hayahamishiki moja kwa moja. Yanatosha kuonyesha kwamba mtihani peke yake haukioni kila kitu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: nani anapelekwa wapi. Nafasi zikitafutwa na wazazi, mtoto wa daktari ataishia hospitalini na mtoto wa mfagiaji ataishia pale mzazi wake anapofagia. Sheria nayo inabana, kwani Sheria ya Viwango vya Kazi ya mwaka 1938 inawazuia walio chini ya miaka 18 kufanya kazi zilizotajwa kuwa hatari, isipokuwa kwa masharti maalumu ya wanaofunzwa. Kwa sababu hizo nafasi lazima zitafutwe na shule yenyewe, kupitia mfanyakazi mwenye kazi hiyo tu, tena mapema. Shule nyingi mpya huanza na darasa moja, la tisa, na kuongeza moja kila mwaka, hivyo zina karibu miaka miwili kabla wanafunzi wa kwanza hawajafika darasa la 11. Waanzilishi wautumie muda huo kujenga orodha ya maeneo ya kazi, na waombe, kabla ya kutia saini mkataba, kwamba siku za kazini na tathmini za walezi zihesabiwe kati ya vipimo vya shule.