Soda ya Indiana

Binamu yangu yuko Ujerumani, alienda kusoma mwaka jana. Juzi alipiga simu, mama akamuuliza swali la kila mzazi: "Unakula nini huko?"

"Mkate mweusi, anti. Mgumu, halafu mchachu."

Hapa Baba Dogo tulicheka sana. Lakini nilikumbuka safari nyingine ya wanafunzi wetu, ambapo shida haikuwa ladha.

Septemba 1959, wanafunzi 81 walipanda ndege Nairobi kwenda Marekani. Tom Mboya ndiye aliyezunguka huko akiwatafutia nafasi na nauli. Mchezaji besiboli Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte walisaidia kuchanga. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy uliahidi dola 100,000, na Septemba 1960 kundi lingine likaruka. Ndani yake kulikuwa na msichana wa Nyeri aliyesomea Loreto Limuru. Leo tunamjua kama Profesa Wangari Maathai.

Kutoka New York alipanda basi kwenda chuo cha masista kule Atchison, Kansas. Ni safari ndefu. Walipofika Indiana, kiu imewashika, waliingia mkahawani kununua soda. Wakaambiwa hawawezi kuketi mle ndani. Kama wanataka kunywa, wanywe nje. Sababu ni rangi yao. Maathai mwenyewe ameyasimulia haya katika kitabu chake *Unbowed*, cha mwaka 2006.

Soda si chakula kigeni. Hata Nyeri ilikuwepo. Kigeni kilikuwa kile kiti alichonyimwa, ingawa hata Nairobi ya mkoloni ilikuwa na hoteli ambazo Mwafrika aliingia kama mpishi au mhudumu tu.

Na si wao peke yao waliolipigania jambo hili. Tarehe 1 Februari mwaka huo huo, wanafunzi wanne weusi wa Greensboro, North Carolina, waliketi kwenye kaunta ya Woolworth wakaagiza kahawa. Walinyimwa, na hawakuondoka. Kesho yake walirudi na wenzao. Ilipofika Julai, duka likakubali kuwahudumia. Sheria ya kukomesha ubaguzi huo Marekani nzima ilitiwa saini 1964, mwaka ule ule Wangari alipopata digrii yake ya kwanza. Yaani alisoma miaka yote minne kabla nchi haijakubali kisheria kwamba anaweza kuketi popote akanywa soda.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikwama. Ndege sijawahi kupanda. Lakini nikiwa na mia yangu, naenda pale kibandani Baba Dogo Road, naagiza chapo madondo, na mtu ananisongea kwa benchi bila kuniuliza mimi ni nani.

Usiku nilimtumia binamu ujumbe. Mkate niliuacha, nikamuuliza anakula na nani.

Alikawia kujibu. "Mimi hula kwa chumba. Pekee yangu."

Jumapili nitampigia saa ya lunchi, nikiwa pale kwa benchi.