Jukwaa Lisilo na Kiingilio: Maigizo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu kutoka Makerere hadi Mbarara na Nakivale

Makerere ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 haikuwa na uhaba wa maigizo. Mabweni yake yalikuwa na desturi ya kushindana kwa tamthilia za Kiingereza, na ushindi ulihesabiwa kuwa heshima ya bweni zima. Mwezi Novemba 1962, chama cha maigizo cha wanafunzi kilipanda jukwaa la Ukumbi wa Taifa jijini Kampala na kuigiza The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa bado mwanafunzi, kuadhimisha uhuru wa Uganda. Katika miaka hiyohiyo Elvania Namukwaya Zirimu aliandika Keeping Up with the Mukasas, tamthilia fupi iliyoingia mapema katika mikusanyo ya fasihi ya Afrika Mashariki. Vipaji havikukosekana. Kilichokosekana ni hadhira nje ya mlima wa Makerere na nje ya Kampala. Ukumbi wa Taifa, uliofunguliwa mwaka 1959, ulihitaji mtu mwenye nauli, kiingilio, jioni huru na Kiingereza cha kutosha.

Inafaa kukumbuka hapa jambo ambalo wanahistoria wa fasihi hulipita haraka. Kuanzia mwaka 1952 Makerere ilikuwa pia makao ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, chombo kilichorithi kazi ya kusanifisha lugha hiyo, kabla hakijahamia pwani na hatimaye kuwa sehemu ya taasisi ya utafiti ya Dar es Salaam. Kwa muda wa karibu muongo mzima, Kiswahili kilichunguzwa mahali palepale ambapo mashindano ya mabweni yalikiweka nje ya mlango.

Nje ya chuo mambo yalikuwa tofauti. Wycliffe Kiyingi alikuwa ameanzisha kikundi chake cha wasanii mwaka 1954 na kuandika tamthilia za Kiganda zilizopata wapenzi wengi. Hivyo, wanafunzi walipofikiria kutoka chuoni, hawakuwa wa kwanza kugundua kwamba Mganda hufurahia mchezo ulioigizwa kwa lugha yake. Walikuwa wanachelewa kujifunza walichokwisha kukijua majirani zao.

Safari ya kwanza ya kikundi kilichoitwa Makerere Free Travelling Theatre ilifanyika mwaka 1965, chini ya usimamizi wa David Cook, mwalimu katika idara ya Kiingereza. Neno lililobeba uzito katika jina hilo ni lile la pili: mtazamaji hakulipa. Wanafunzi walizunguka nchini wakati wa likizo ndefu, wakiigiza shuleni, viwanjani na katika kumbi za miji midogo. Safari zilivuka pia hadi Kenya. Maigizo yalikuwa mafupi, nayo yaliigizwa kwa Kiingereza, Kiganda, Kinyoro-Kitooro, Kiswahili na kadiri waigizaji walivyoweza. Miongoni mwa walioshiriki miaka ya mwanzo alikuwamo Rose Mbowa, ambaye baadaye angekuwa mwalimu na mwelekezi mashuhuri hapohapo Makerere. Baadhi ya tamthilia za kizazi hicho, kama The Exodus ya Tom Omara, zilichapishwa mwaka 1968 katika mkusanyo uliohaririwa na Cook akishirikiana na Miles Lee.

Uendeshaji wa kikundi cha namna hiyo unastahili kutazamwa kwa undani zaidi kuliko sifa zake, kwa sababu ndani yake ndimo yalimo maamuzi ya kisera. Kikundi cha wanafunzi hupoteza waigizaji wake kila mwaka wanapohitimu. Kila msimu huanza karibu upya: mwelekezi anapata nyuso mpya, maleba yale yale, na orodha ya tamthilia ambayo lazima ifuate watu waliopo. Lugha nayo haiongezwi kwa agizo. Bila waigizaji watatu au wanne wanaosema Kinyankore kwa ufasaha, hakuna mchezo wa Kinyankore mwaka huo, hata kama ratiba inapita Ankole. Jukwaa lililobebwa kwa gari haliwezi kuwa na mandhari nzito. Kinachobaki ni mwili, sauti na vitu vichache vya mkononi. Uhaba huo ulielekeza uigizaji kwenye mbinu ambazo hadhira za vijijini zilikuwa nazo tangu zamani: msimulizi, wimbo wa kupokezana, mcheshi anayezungumza moja kwa moja na watazamaji. Wengi wamesifu uamuzi huo kama falsafa ya sanaa. Huenda ulitokana zaidi na ukubwa wa gari, jambo lisiloupunguzia thamani.

Mchezo usio na kiingilio una gharama zake, nazo lazima zibebwe na mtu: chuo, mfadhili, au mwanafunzi anayetoa likizo yake. Faida yake kubwa ilikuwa kwamba aliyelipa hakudai mchezo useme jambo fulani. Mchezo ungeweza kumcheka mume mlevi katika mji huu na karani mla rushwa katika mji unaofuata. Uhuru huo ndio uliokuwa wa kwanza kupotea.

Mbarara iko takribani kilomita 270 kusini-magharibi mwa Kampala. Zaidi ya kilomita 50 kutoka hapo, kandokando ya ziwa linalobeba jina hilohilo, ni Nakivale, ambako Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata walipewa ardhi. Makazi ya Oruchinga, yasiyo mbali, yalianzishwa katika kipindi hichohicho. Sheria ya kudhibiti wakimbizi ya mwaka 1960 ilimtaka mkimbizi aishi makazini na kuomba ruhusa ya kutoka. Kwa hiyo, katika muongo uleule ambao chuo kikuu kilifanya kusafiri kuwa jina la kikundi chake cha maigizo, palikuwa na maelfu ya watu wa Ankole ambao sheria iliwazuia kusafiri. Historia ya sanaa za maonyesho nchini Uganda imezoea kufuata miji, shule na makanisa. Makazi ya wakimbizi yameachiwa wanasheria na wataalamu wa siasa. Pengo hilo ni la uandishi. Haielekei kuwa watu waliokuja na ngoma, mashairi ya kujisifu na simulizi za mifugo yao waliishi miaka thelathini bila kuigiza chochote.

Utawala wa Idi Amin ulibadilisha maana ya kusafiri kwa waigizaji wenyewe. John Ruganda, mzaliwa wa Fort Portal na mwandishi wa The Burdens, alikuwa mmoja wa nguzo za kikundi cha Makerere kabla hajaihama nchi. Mwaka 1974 alianzisha kikundi kama hicho katika Chuo Kikuu cha Nairobi, nacho kikawapeleka wanafunzi wa Kenya mashambani kwa utaratibu uleule wa likizo na michezo ya bure. Mbegu ya Makerere ilichipua Kenya kwa sababu aliyeibeba alikuwa uhamishoni, jambo ambalo halisisitizwi vya kutosha. Waliobaki walilipa bei nyingine: Byron Kawadwa, mwelekezi wa Ukumbi wa Taifa, aliuawa mwaka 1977 baada ya kurejea kutoka tamasha la FESTAC mjini Lagos, alikopeleka mchezo wake wa kuimba, Oluyimba lwa Wankoko.

Nairobi nayo haikuwa kimbilio la kudumu. Mwaka 1977 wakazi wa Kamĩrĩĩthũ waliigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu. Ngũgĩ akakamatwa mwishoni mwa mwaka huo. Mwaka 1982 serikali ilizuia mchezo mwingine wa kikundi hicho, ambao mazoezi yake yalikuwa yamehamia katika ukumbi wa chuo kikuu, kisha ukumbi wa wanakijiji ukabomolewa. Mafunzo yake kwa mtafiti wa Uganda ni mahususi: serikali zilivumilia wanafunzi waliokwenda kwa wananchi na kurudi, lakini hazikuvumilia wananchi waliobaki na jukwaa lao baada ya wasomi kuondoka.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, ilionyesha kwamba tamthilia ya chuo kikuu yaweza kuandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Amandina Lihamba, Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, ambako wanakijiji walichagua wenyewe matatizo ya kuigiza. Tofauti kati ya Malya na ziara za Makerere si ya ubora. Makerere ilifika katika vituo vingi kwa muda mfupi. Malya ilirudi kijiji kimoja mara kadhaa. Mshauri wa sera anayepanga bajeti hana budi kuchagua kati ya hayo mawili, kwani fedha ileile haifanyi yote.

Mwaka 1982 Wanyarwanda wengi wa Ankole, wakiwemo raia wa Uganda, walifukuzwa majumbani mwao. Wengine walivuka mpaka kwenda Rwanda, wengine walisongamana Nakivale na Oruchinga. Takribani muongo mmoja baadaye, Alex Mukulu alipandisha jukwaani Thirty Years of Bananas, ambamo msimulizi wa historia ya Uganda ni mkimbizi kutoka Rwanda. Uteuzi huo wa msimulizi ulikuwa wa kijasiri. Mtu ambaye sheria ilimhesabu mgeni ndiye aliyekabidhiwa kumbukumbu ya taifa, mbele ya watazamaji wa Kampala waliolipa kiingilio. Wakazi wa Nakivale hawakuwa miongoni mwa waliolengwa na tiketi hizo.

Kati ya matukio hayo mawili, mwaka 1989, Mbarara ilipata Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, kilichoanza kwa kufundisha tiba. Hakikuanzishwa kwa ajili ya sanaa, lakini tangu mwanzo kilijijengea desturi ambayo Makerere ya 1965 ingeionea wivu: mwanafunzi wa udaktari hupelekwa kuishi na kujifunza miongoni mwa jamii za vijijini. Utaratibu wa kutoka chuoni, kupokewa na viongozi wa mtaa, kulala kwa wenyeji na kurudi na ripoti tayari upo. Anayetaka kikundi cha maigizo cha wanafunzi huko Mbarara haanzi na kiwanja kitupu.

Hadhira imebadilika pia. Nakivale, iliyomo katika Wilaya ya Isingiro, sasa ina zaidi ya watu 100,000, wengi wao kutoka Kongo, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda na wengineo. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni, zahanatini na ibadani. Nchini Uganda lugha hiyo ina historia nzito. Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa vizazi viwili ilinuka kambi ya jeshi. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia ifundishwe kwa lazima shuleni. Walimu bado ni wachache. Ilhali umbali mfupi kutoka Mbarara, watoto wanacheza na kugombana kwa Kiswahili kila siku bila mtaala wowote.

Kiswahili hicho si cha vitabuni. Mkongo wa Kivu husema anatumika akiwa na maana kwamba anafanya kazi, na vitu kwake ni bintu. Mwanafunzi wa Mbarara aliyejifunza lugha darasani atakuwa na sarufi safi na hadhira inayomcheka. Hili ndilo geuzo kubwa zaidi tangu 1965. Wanafunzi wa Makerere walikwenda kwa watu wakiwa na lugha za watu hao, au wakiwa na Kiingereza kama alama ya elimu yao. Kikundi kitakachoingia Nakivale kitakuwa mwanafunzi wa lugha mbele ya watazamaji wake, na nafasi ya mwelekezi wa lugha itamfaa zaidi mkimbizi kuliko mhadhiri. Nafasi hiyo inapaswa kulipwa.

Maigizo hayajakosekana makazini. Mashirika ya misaada hutumia vikundi vya wakazi kueneza ujumbe kuhusu magonjwa, ukatili wa majumbani na usafi wa maji. Kazi hiyo ina faida, na katika miaka ya UKIMWI Uganda iliona michezo ya kuigiza ikifika pale ambapo mabango hayakusomwa. Hata hivyo, ujumbe huwa umeshaandikwa kabla mwigizaji hajasimama. Mchezo unaomcheka mgawaji wa chakula, au unaouliza kwa nini kesi ya ardhi kati ya mwenyeji na mkimbizi haimaliziki, hauna mfadhili. Kikundi cha wanafunzi kina uwezo wa kujaza pengo hilo ikiwa tu fedha yake inatoka chuoni au katika michango isiyo na masharti, kama ilivyokuwa katika siku za mwanzo za Makerere.

Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, iliyochukua nafasi ya ile ya 1960, inampa mkimbizi haki ya kwenda huku na huko chini ya masharti ya kawaida. Kwa hiyo safari inaweza kuwa ya pande mbili: Nakivale ikaigiza Mbarara, katika ukumbi wa chuo, kwa wenyeji wa mji. Kinachohitajika ni nauli, na barua. Kibali cha kuingia makazini kwa shughuli ya aina hiyo hupitia Ofisi ya Waziri Mkuu, na ni busara kukiomba mapema katika muhula. Likizo ndefu huangukia katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, barabara ya vumbi inapopitika na mavuno ya maharagwe yanapokuwa yamekwisha. Siku ya kuigiza ichaguliwe pamoja na viongozi wa vijiji, isiangukie siku ya mgao wa chakula, kwani siku hiyo foleni huanza alfajiri.